Vita vya Ukurasa Mmoja

Jumatatu, 21 Aprili 2025

Nimewekwa rehani. Sitanii!

Tulipanda asubuhi kutoka Same, mimi na baba mdogo Zephania, mshenga wangu, tumenyoosha mashati kama vile harusi ni leo. Kwa kina Blessing, mchumba wangu, hapa Suji wazee walikuwa wameshakaa. Barua ya posa walishaijibu tangu Februari, leo ilikuwa ni kupanga mahari na kukabidhi vitu vya mwanzo. Vikaitwa kimoja kimoja. Sukari na majani — vipo. Jembe — lipo. Blanketi la bibi?

Baba mdogo akaniangalia. Mimi nikamwangalia yeye. Blanketi limebaki Same, juu ya kochi, ndani ya mfuko wake!

Na bibi mwenyewe, bibi yake Blessing, yuko pale pembeni, amejikunyata kwenye kanga. Akaivuta kanga mpaka masikioni. Bora angesema.

Mzee Melkizedeki, baba yake Blessing, akasema yeye hana haraka, mazungumzo yatalisubiri blanketi. Baba mdogo akageuza gari. Nikainuka nimfuate, wazee wakacheka: huyu abaki, awe rehani, mshenga asije akapotelea huko bondeni. Nikacheka nao. Alasiri ikaanza mvua ambayo mpaka sasa haijakata.

Mila ni kwamba mwoaji hafungui mdomo kuhusu posa yake. Hiyo ni kazi ya mshenga. Kwa hiyo nimekaa kwenye nyumba ya watu, kichwani nina jambo moja tu, na ndilo nisiloruhusiwa kulitaja. Wenyewe wanaongea Chasu, Kipare chao. Mimi Mgweno, lugha yetu ni nyingine, nadaka neno moja moja kama redio yenye betri mbovu.

Blessing nimemwona mara mbili, akipita na sinia.


Jumanne, 22 Aprili

Barabara imekatika! Udongo umeshuka usiku. Baba mdogo kapiga simu: yeye salama, blanketi salama, lakini hata bodaboda hazipiti. Vumilia mwanangu, anasema. Rahisi kwake, yuko kwake.

Leo nilikuwa natafuta soksi kavu, nikamwaga begi lote kitandani, Mzee akiwa mlangoni. Akaona boksi langu. Vizibo vya soda, nusu vyekundu nusu bluu, dadu mbili na karatasi. Hivi ni nini, mgeni? (Bado ananiita mgeni.) Nikamweleza: ni mchezo niliotunga kwa ajili ya klabu ya historia pale shuleni kwangu. Vita vya mwaka 1916, Wajerumani na askari wao wanarudi nyuma kufuata reli, Waingereza wanawafukuza, hapa hapa, chini ya hii milima. Akavuta kiti.

Najivunia ule mchezo, niseme ukweli, hakuna anayesoma hapa. Ile michezo ya vita niliyowahi kupakua mtandaoni ina vitabu vya sheria kurasa themanini, mwanafunzi anasinzia kabla ya risasi ya kwanza. Mimi nilitaka karatasi moja. Kikosi kinasogea shibiri moja, mlimani nusu. Unayemwona unaweza kumpiga: dadu ikija tano au sita, kizibo chake kinatoka. Anayeshika stesheni baada ya raundi kumi ameshinda. Na mstari wa mwisho, ninaoupenda kuliko yote: lisiloandikwa hapa, wachezaji wakubaliane.

Basi. Mzee alielewa kabla chai yake haijapoa! Tukatandika shuka mezani, vitabu vya nyimbo vikawekwa chini yake kuwa milima, kiberiti kikawa stesheni ya Makanya. Huo ndio utamu wa sheria fupi. Mtu asiyewahi kuona mchezo wa namna hii katika miaka sabini na kitu, nusu saa baadaye anapiga meza: "Piga hao! Piga!"

Lakini shibiri — ya nani? Wanafunzi wangu mikono yao inalingana, hakuna aliyewahi kuuliza. Mkono wa Mzee Melkizedeki ni mkono wa mtu aliyelima tangawizi maisha yake yote. Kidole gumba kiko Same, kidole kidogo kiko Makanya. Alifika stesheni wakati mimi bado natafuta njia.

Nikapigwa. Nilifurahi kweli kweli. Nilidhani leo nimepata mkwe.


Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Makande. Mvua.

Tumecheza tena, na leo kuna jirani, Mzee Eliufoo, kaja kuangalia. Ugomvi wa leo ni "unayemwona". Kikosi changu kimejificha nyuma ya vitabu viwili vya nyimbo. Mzee akainama, akalaza shavu mezani, akafumba jicho moja. "Namwona." Hamwoni! Mungu shahidi, hata mimi nilikuwa naona ukingo wa kitabu umemziba! Sheria inasema tukubaliane. Sasa nitakubaliana vipi na mtu niliyemwamkia shikamoo asubuhi? Nikasema, ndiyo baba, unamwona. Mzee Eliufoo akakohoa.

Kwa wanafunzi ule mstari wa mwisho unaleta kelele kidogo, kisha wanarusha dadu, wanaendelea. Hapa "kukubaliana" maana yake ni mimi kukubali.

Halafu nikafanya ujinga. Nikaona kama ndiyo hivyo, bora nimwachie kabisa, tupate amani. Nikaondoa vikosi vyangu stesheni, nikavipandisha mlimani kwenda kutalii. Mzee akashika dadu, hakurusha. Akaniangalia.

"Mwalimu, unanipa?"

Nikasema hapana baba, ni mbinu. Akasema mbinu gani ya kukimbia stesheni isiyo na mtu. Akaweka dadu chini taratibu. Akauliza kama na binti yake nitaishi naye hivyo hivyo, kumpa kitu huku sitaki kumpa. Jibu la hilo ni la mshenga wangu, naye yuko Same.

Jioni alikula chumbani kwake.


Alhamisi, 24 Aprili

Nimeshinda. Nimecheza kwa nguvu zangu zote, nikamfungia njia ya reli, nikamaliza vizibo vyake kabla raundi hazijaisha. Akasema ahsante. Akavaa mabuti, akatoka kwenye mvua kuangalia migomba. Migomba ina nini cha kuangaliwa?

Mama Yudith, mama yake Blessing, alikuja kuondoa vikombe. Akaninong'oneza: "Akishindwa ananuna, akiachiwa ananuna. Mimi nimeshazoea, baba."

Mimi sijazoea! Nyumba ina vyumba vinne na kila kimoja kina mtu nisiyeruhusiwa kuongea naye. Nje matope mpaka kifundoni. Natembea kutoka kitandani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kitandani.

Blessing nilimkuta bombani, amejifunika nailoni kichwani, anacheka. Kumbe nyumba nzima inajua habari ya "mbinu" yangu. Kisha akaacha kucheka, akauliza: Dodoma je? Umeshamwambia baba mdogo aseme? Nikamwambia hapa si mahali pake, tutakubaliana tu. Akachukua ndoo akaenda.

Dodoma. Niandike, labda kichwa kitatulia. Nimeomba uhamisho, kuna nafasi ya ofisini, kazi ya mitaala, ile niliyoisubiri tangu naanza kazi. Nikipata nahama mwezi wa saba. Blessing amepata ajira ya kudumu Januari hii, maabara ya hospitali, Same. Alilia kwa furaha siku ile, mimi ndiye niliyempelekea soda. Kwenye barua ya posa tuliandika mengi, ya tutakapoishi hatukuandika. Niliona tusiwatishe wazee na mambo ambayo bado.


Ijumaa, 25 Aprili

Mzee kaamka na sheria mpya!

Kaja na kamba ya katani, kaipima kwa mkono wangu, kaikata. Kwamba hiyo ndiyo shibiri ya wote. Nikamshukuru kwa moyo wote. Lakini hakuishia hapo. Nani anamwona nani — tunyooshe uzi. Mvua ikinyesha (kwenye meza!) mwendo upungue. Wapagazi wana njaa, wale. Reli ikiharibiwa, itengenezwe raundi ngapi? Mimi naandika, yeye anatembea na kusema, Mzee Eliufoo anaongeza. Wana furaha kama watu wanaotunga katiba.

Katikati akaniambia kitu. Akasema, ndiva yao, lile bwawa wanalofungulia maji ya kumwagilia, sheria zake zinasemwa kwa pumzi moja. Wa juu ana siku zake, wa chini ana siku zake, anayeharibu mfereji anatengeneza. Hata ukurasa haujai. Nikadakia: si ndiyo maana imedumu, baba! Ufupi! Akatikisa kichwa. Akasema inasemwa kwa pumzi moja kwa sababu waliozaliwa hapa wanajua mengine yote yasiyosemwa. Mgeni akipewa shamba pale na zile sheria tu, wiki ya kwanza atapigana na watu.

"Na wewe," akasema, "umeandikia watu wanaokujua."

Inaniuma, kwa sababu ni kweli. Ule ukurasa wangu haukuwa mfupi. Nusu nyingine niliibeba mwenyewe, nikisimama darasani nikiamua kila ubishi kwa sauti ya mwalimu. Na mimi nikauita huo mtindo.

Halafu huyo huyo mwenye busara, nilipogeuka, akasogeza kizibo chake mbele bila kamba. Nilimwona!


Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Mvua nyepesi.

Kurasa kumi na moja. Tulianza baada ya chai, mpaka chakula cha mchana hakuna hata mmoja aliyekuwa amefyatua risasi. Mzee Eliufoo alikuwa anatafuta sheria ya wapagazi, hakuiona, akasinzia. Mzee Melkizedeki akasema wapagazi wake wameshakula, mimi nikasema hapana, ukurasa wa sita. Tukasoma ukurasa wa sita. Unapingana na wa tisa.

Akakusanya vizibo akavirudisha kwenye boksi. Akasema ule wa kwanza ulikuwa mtamu. Nikasema ndiyo, baba. Tukakaa tunaangalia mvua kama wafiwa. Ule wa kwanza unamwonea mtu, huu wa sasa unatuua wote kwa uchovu, na katikati yake sijaona kitu.


Jumapili, 27 Aprili

Kanisani. Nilitambulishwa: mgeni wa Mzee Melkizedeki, amekwama. Usharika mzima ukacheka.

Tukiwa njiani kurudi, Mzee akapunguza mwendo mpaka tukabaki nyuma ya wengine. Akauliza habari ya mchezo. Kikosi kikitoka nje ya meza — kinakwenda wapi?

Nikasema haijaandikwa, baba.

Akasema anajua haijaandikwa, ameusoma ule ukurasa mpaka nyuma. Anauliza kinakwenda wapi. Kinaweza kurudi? Wenzake waliobaki mezani wanakiona tena, au ndiyo basi?

Amejua habari ya Dodoma. Blessing kamwambia mama yake, mama kamwambia mume wake, na mume hawezi kuniuliza kwa sababu hayo yanapitia kwa mshenga, na mimi siwezi kumjibu kwa sababu hiyo hiyo. Tukatembea hivyo mpaka nyumbani, watu wawili tumefungwa midomo na mila moja, tunaongelea vizibo vya soda. Nilitamani kumshika mkono nimwambie kila kitu. Nikamwambia nitalifikiria, baba.

Alikuwa na macho ya mtu anayeogopa. Sikuwahi kufikiria kwamba na yeye anaogopa.


Jumatatu, 28 Aprili

Jua! Milima yote inafuka moshi. Baba mdogo anasema kesho wanasafisha barabara, bodaboda zitapita.

Blessing kaomba acheze. Na mimi. Mama Yudith akaruhusu, naye akakaa karibu anachambua maharage, mila isivunjike. Blessing akasema anataka ule ukurasa mmoja, si zile kumi na moja. Akausoma mara moja, akasema haya.

Anacheza vizuri kuliko baba yake. Kimya kimya, anasogea kidogo kidogo kando ya reli. Ukaja ubishi: kikosi kikiwa mguu mmoja mlimani mwingine bondeni, mwendo ni nusu au mzima? Nikamweleza kwamba kwa kawaida tunahesabu nusu. Akasema sawa. Ukaja mwingine: je, naweza kupiga na kusogea? Nikamweleza naweza. Sawa. Stesheni ikiguswa tu, imeshikwa? Nikamweleza hapana, lazima uingie. Sawa.

Nikashinda. Nikaanza kumsifia, nikasema unaona huu ufupi unavyosaidia, tumekubaliana kila kitu bila hata kugombana.

Akasema, "Fredi, umeona tulivyokubaliana?"

Nikasema ndiyo.

"Mara zote tumekubaliana. Na mara zote imekuwa ya kwako."

Nikakasirika. Nikamwambia ni mchezo tu, mimi ndiye niliyeutunga, sasa nani ajue sheria kama si mimi! Sauti ilipanda. Mama Yudith akaacha maharage. Na nikajisikia mwenyewe — ilikuwa sauti ya Mzee Melkizedeki akiwa amelaza shavu mezani: namwona. Yule yule niliyemlalamikia humu wiki nzima.

Blessing hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Alipanga vizibo kwenye boksi, vyekundu upande wake, bluu upande wake, akasema usiku mwema, wakati ndiyo kwanza saa kumi jioni.

Naona aibu. Naona aibu sana.


Jumanne, 29 Aprili

Naandika haraka, nimesema naenda chooni.

Baba mdogo kafika kabla ya saa sita, nyuma ya bodaboda, matope mpaka kwenye nyusi, blanketi kalikumbatia kifuani ndani ya mfuko wa mbolea. Bibi alifunikwa pale pale. Kalishika, kalinusa, akasema la sufu hili. Wote wakashangilia. Mahari ilikwisha haraka mno, wazee wamechoka na mimi, nadhani. Mzee Melkizedeki hakubishana hata kidogo. Alisema tu: mimi yangu nimemaliza, aitwe mwenyewe.

Blessing akaja, kitenge cha kijani. Akapiga magoti. Baba yake akauliza kama inavyoulizwa: huyu kijana unamfahamu? Namfahamu. Tupokee? Hapo msichana anasema pokeeni baba, kina mama wanapiga vigelegele, watu wanakula. Mama Yudith alishatoa ulimi tayari kwa kigelegele.

Blessing akasema, "Kabla hamjapokea, nina swali. Baada ya harusi tutaishi wapi?"

Baba mdogo, mshenga mzuri, hakusita hata sekunde. Akatabasamu akasema hayo ni madogo, wazee, hawa ni wasomi, watoto wenyewe watakubaliana.

"Samahani baba mdogo," Blessing akasema. "Sijakuuliza wewe."

Mzee Eliufoo akasema kitu kwa Chasu. Mtu akamjibu kwa ukali. Baba mdogo akaniangalia, nisiseme, nisithubutu. Na Mzee Melkizedeki akainua ule mkono wake mkubwa, wote wakanyamaza. Akasema: "Mwacheni aseme." Mila haina hiyo. Sheria hiyo kaiweka yeye, pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu nije hapa kailegeza mila kwa ajili yangu.

Wiki nzima nimelilia ruhusa hiyo! Nikafungua mdomo. Nikasema inategemea.

Inategemea! Mbele ya wazee wote. Nikaongeza kwamba uhamisho bado haujatoka, kwamba ukitoka tutaona, hospitali ziko kila mahali. Nilisikia kila neno likitoka na sikuweza kulizuia. Blessing alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ngoja achemshe chai, chai ikiiva atarudi kuuliza tena, na atakachojibiwa ndicho atakachompa baba yake kuwa jibu.

Sasa niko hapa chumbani. Hapa nimejaribu kuandika jibu. Tutaishi Same — nikakata, maana nitamchukia nikikosa ile kazi, najijua. Tutaishi Dodoma — nikakata, nimeuona uso wake siku ile ya ajira. Tutakaa mbalimbali kwanza — nani kasema anataka? Sijamuuliza. Miaka miwili niko naye, sijawahi kumuuliza yeye anataka nini, nimekuwa nikimweleza tu.

Dirisha langu linaangalia jikoni. Harufu ya tangawizi. Mama Yudith anapanga sinia, anauliza vikombe vingapi. Naona mgongo wa Blessing. Ameinua sufuria, ameiweka chini.

"Tia sita kwanza," anasema.

Sebuleni, pamoja na bibi na mimi, tuko saba; cha saba kinangoja jibu langu.